Sazae-san

Sazae-san ni mfululizo wa katuni za kuchekesha wa Japani, unaorushwa na Fuji TV kila Jumapili jioni tangu tarehe 5 Oktoba 1969. Guinness inautambua kuwa mfululizo wa katuni wa televisheni uliodumu kuliko yote duniani.

Chimbuko lake ni katuni za gazetini za Machiko Hasegawa, zilizoanza mwaka 1946. Sazae, mama wa nyumbani mchangamfu na mwenye haraka za kupitiliza, anaishi Tokyo na mumewe Masuo, mwanawe Tarao, wazazi wake na wadogo zake wawili, Katsuo na Wakame. Karibu majina yote ni ya baharini.

Kila kipindi kina visa vitatu vifupi visivyotegemeana. Katsuo huficha karatasi ya mtihani aliofeli. Baba yake Namihei, mwenye unywele mmoja utosini, huigundua na kufoka. Hakuna anayezeeka: Katsuo yumo shule ya msingi hadi leo. Midori Katō ameigiza sauti ya Sazae tangu kipindi cha kwanza.

Michoro iliendelea kupakwa rangi kwa mkono hadi mwaka 2013, studio nyingine zikiwa zimekwisha kuhamia kwenye kompyuta zamani.