Kabla ya Sungura

Mwalimu akitaka kuwachangamsha wanafunzi wa hisabati huandika ubaoni 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, kisha huuliza namba inayofuata. Wajanja huona upesi kwamba kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia, nao hujibu 34. Hapo ndipo hadithi ya sungura huingia. Jozi moja imefungiwa uani. Kila mwezi huzaa jozi nyingine, na jozi changa huanza kuzaa katika mwezi wake wa pili. Hakuna anayekufa. Mwaka ukiisha, kuna jozi 377. Swali hilo limo katika Liber Abaci, kitabu alichokiandika Leonardo wa Pisa, yule tunayemwita Fibonacci, mwaka 1202.

Mimi sungura hao hawakuwahi kunishawishi. Ninalolipenda ni swali la zamani zaidi, lililoulizwa India na watu waliokuwa wakishughulika na ushairi.

Katika ushairi wao silabi hazina uzito sawa: fupi hubeba pigo moja, ndefu mapigo mawili. Je, mstari wa mapigo manne unaweza kupangwa kwa njia ngapi? Silabi fupi nne. Au ndefu mbili. Au ndefu moja na fupi mbili, na hapo ndefu yaweza kukaa mwanzo, katikati au mwisho. Jumla njia tano. Mapigo matano yana njia nane, wala huna haja ya kuziorodhesha. Mstari utaishia ama kwa silabi fupi ama kwa ndefu. Ukiishia kwa fupi, yaliyotangulia ni mapigo manne, yenye njia tano. Ukiishia kwa ndefu, yaliyotangulia ni matatu, yenye njia tatu. Tano na tatu, nane. Hoja hiyo hufaa kwa mstari wa urefu wowote, na namba zinazotoka ni zilezile za ubaoni.

Virahanka aliijua kanuni hii kati ya mwaka 600 na 800. Hemachandra, mtawa na mwanachuoni wa Kijaini huko Gujarat, aliiandika waziwazi katika kitabu cha arudhi karibu mwaka 1150, nusu karne kabla ya sungura.

Shuleni tulijengewa ukuta: wapenda mashairi mchepuo wa sanaa, wapenda hesabu mchepuo wa sayansi. Hemachandra asingejua akae upande gani. Na malenga wetu je, ambao nao huhesabu mizani? Kwetu swali lake halizuki, kwa sababu kila silabi ni mizani moja, iwe "a" au "mbwa". Kipande cha mizani nane kina silabi nane, basi. Hakuna cha kupanga. Yeye kwa mapigo nane angekuwa na njia 34.

Simdharau Leonardo. Baba yake alifanya kazi forodhani Bugia, leo Béjaïa nchini Algeria, kwa niaba ya wafanyabiashara wa Pisa, akamwita mwanawe ajifunze hesabu huko. Ni katika bandari hiyo ya Afrika kijana alikokutana na tarakimu tisa za Wahindi, pamoja na ile ishara ambayo Waarabu waliiita sifr. Kwa Kilatini aliiandika zephirum, na vinywani mwa Waitalia neno hilo likasagika hadi likawa zero. Sisi tulilipokea kutoka Kiarabu, tukalitia irabu: sifuri. Leonardo mwenyewe alisema wazi kitabuni kwamba tarakimu zile ni za Wahindi. Wala sisemi kwamba mfuatano aliunyakua kwao. Yeye aliuliza juu ya sungura, wao juu ya silabi.

Jina lilikuja baadaye sana. Liber Abaci kilichapishwa Roma mwaka 1857, na katika karne hiyohiyo Mfaransa Édouard Lucas, ambaye pia alibuni fumbo la Mnara wa Hanoi, akaueneza mfuatano ule kwa jina la Fibonacci. Vitabu vya shule vikafuata. Mwaka 1985 Parmanand Singh alichapisha katika jarida la Historia Mathematica makala iliyoonyesha, hatua kwa hatua, jinsi wataalamu wa arudhi wa India walivyozifikia namba hizo mapema. Katika kichwa cha makala yake aliziita "zile ziitwazo" namba za Fibonacci.