Toba Ndiyo Mwanzo wa Uamsho



Mwaka wa Jubilii ni mwaka wa kuhesabu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, na shule, na watu waliobatizwa, na wachungaji waliobarikiwa. Kuhesabu si kubaya, maana asiyehesabu baraka husahau kushukuru. Lakini nilipoombwa kuandika habari katika kitabu hiki, nilifungua Mambo ya Walawi, sura ya ishirini na tano, nipate kujua Jubilii yenyewe ilikuwa namna gani zamani za Musa. Hapo niliona neno ambalo nalilisoma mara nyingi pasipo kulitia moyoni. Baragumu la mwaka wa hamsini halikupigwa siku ya mavuno, wala siku ya karamu. Lilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, nayo ndiyo Siku ya Upatanisho, siku ambayo taifa zima lilijinyima na kujinyenyekeza kwa ajili ya dhambi zake. Kwanza dhambi iondolewe, ndipo mtu arudishiwe shamba lake, na mtumwa arudi kwa jamaa yake.

Basi nataka kueleza kwa habari za nchi zetu kwamba utaratibu huo haukubadilika. Kanisa halianzi upya kwa kuta wala kwa fedha. Huanza upya pale Mkristo anapoijua dhambi yake, akaitaja, akaiacha.

Yafaa kwanza tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kujuta si kutubu. Yuda alijuta, akazirudisha fedha, akaenda zake akafa peke yake. Petro naye alijuta, akalia kwa uchungu, lakini alirudi kwa Bwana wake. Wenye kujua lugha husema kwamba neno hili toba, ambalo Kiswahili kililipata kwa Waarabu, maana yake ya asili ni kurudi. Ajutaye huyatazama maumivu yake. Atubuye huigeuza miguu yake. Tena toba si kazi ya siku moja ya ubatizo. Mwaka 1517 Martin Luther alipoziandika hoja zake 95, aliweka mbele ya zote hoja hii, kwamba maisha yote ya mwenye kuamini yawe maisha ya toba.

Sasa sikilizeni habari ya jirani zetu wa Uganda. Wamisionari wa kwanza wa Waingereza walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877. Kanisa lile likakua upesi, likapata na mashahidi waliokufa kwa moto. Miaka hamsini ikatimia mwaka 1927. Kwa macho lilikuwa Kanisa kubwa: kilimani Namirembe palikuwa na kanisa kuu, wakuu wa nchi wengi walikuwa Wakristo, shule zilijaa. Lakini waliokuwa na macho ya ndani waliona baridi. Watu walibatizwa wapate jina na cheo. Ulevi, uzinzi na rushwa vilikaa kanisani kama wenyeji, wala hapakuwa na wa kuvikemea.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Septemba mwaka 1929, daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, alipanda Namirembe akiwa amechoka mwili na roho. Alikuwa akifanya kazi Gahini katika nchi ya Rwanda, na nchi ile ilikuwa imetoka katika njaa kali iliyoua watu wengi. Huko Namirembe alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, aliyekuwa mtumishi wa serikali. Wawili hao wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Hawakukutana kama mwalimu na mwanafunzi, wala kama bwana na mtumishi, bali kama wahitaji wawili. Daktari alikuja kuwafundisha Waafrika, naye akakiri mbele ya Mwafrika kwamba yeye mwenyewe amepungukiwa. Siku zile jambo hilo halikuwa dogo.

Tazameni jinsi toba ilivyotoka kwa mtu ikaenda kwa mtu. Pale Gahini alikuwako Yosiya Kinuka, mkubwa wa wasaidizi wa hospitali. Mambo ya hospitali yalikwenda vibaya, watumishi wakanung'unika, naye Kinuka akataka kuiacha kazi. Akaenda Kampala kwa Nsibambi. Labda alitumaini kwamba Mwafrika mwenziwe atayasikia malalamiko yake na kumwonea huruma. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba mzizi wa taabu ya hospitali u katika dhambi ya moyo wake Kinuka mwenyewe. Neno hilo lilimwuma, lakini njiani akirudi kwake lilifanya kazi. Alifika Gahini mtu mwingine, akawa mmoja wa nguzo za uamsho.

Mwisho wa mwaka 1933, katika mkutano wa maombi hapo Gahini, mtu mmoja aliondoka akaanza kuungama dhambi zake waziwazi. Wengine wakamfuata. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu wa wainjilisti mahali pale. Mwanzo wa mwaka 1936 alikwenda Kampala kwa sinodi ya Kanisa, akiwa ameandaa maswali: Sababu ya baridi na mauti katika Kanisa ni nini? Kwa nini wale ambao dhambi zao zajulikana na wote huachwa waije meza ya Bwana? Lifanyike nini ili Kanisa liamke? Kigozi hakuyatetea maswali yake sinodini, kwa kuwa homa ilimshika akafa mwezi ule wa Januari, angali kijana. Lakini maswali yake hayakufa. Nawasihi wazee wa sharika wayasome tena polepole, kwa maana hata leo yatafaa kuwekwa mbele ya baraza lo lote la Kanisa.

Je, mti ule ulizaa matunda gani? Watu walirudisha vitu walivyoiba: pesa za ofisi, vitambaa vya dukani, ng'ombe wa jirani. Wengine walikwenda mwendo mrefu kwa miguu ili walipe deni ambalo mwenye kudai alikuwa amekwisha lisahau. Mume aliomba radhi kwa mkewe mbele ya watoto. Wazungu wa misioni waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika, wakala nao chakula kimoja. Kwa Kiganda watu hao waliitwa Balokole, maana yake waliookoka. Mwaka 1937 habari hiyo ikafika Kabete katika nchi ya Kenya, na mwishoni mwa miaka ile ya 1930 ikaingia Tanganyika kwa njia ya Karagwe na Buhaya. Katika ushirika huo alilelewa Josiah Kibira, aliyekuwa Askofu wa Walutheri wa Kaskazini Magharibi mwaka 1964, na tangu mwaka 1977 hata mwaka 1984 akawa Rais wa Shirikisho la Walutheri wa dunia nzima. Tena Kenya ilipoingia katika vita vya Mau Mau, kuanzia mwaka 1952, wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo, walikataa na kushika bunduki kupigana na waliokula kiapo. Baadhi yao waliuawa kwa ajili hiyo. Mtu aliyezoea kusema kweli juu ya nafsi yake hawezi kutishwa upesi aseme uongo.

Walakini habari ikielezwa nusu ni uongo. Toba nayo yaweza kuharibika. Wako waliozigeuza dhambi zao kuwa hadithi za kusimulia, wakajisifia uovu wao wa zamani. Wako waliowahukumu wachungaji wao na kuwahesabu wote wasiosema kama wao kuwa wamepotea. Mwaka 1941 ugomvi ulitokea katika chuo cha Mukono, na wanafunzi 26 walifukuzwa, mmoja wao William Nagenda. Kanisa likakaribia kupasuka, likaponywa kwa uvumilivu wa watu wa pande zote mbili.

Liko na jambo zito kuliko hilo. Gahini iko Rwanda. Na Rwanda ndiyo nchi ambayo mwaka 1994 iliua watu wake mamia ya maelfu katika muda wa siku mia tu, na walio wengi katika waliouawa na katika waliowaua walikuwa wamebatizwa. Wako waumini waliowaficha jirani zao kwa kuhatarisha maisha, hao tusiwasahau. Hata hivyo kila Mkristo apaswa kuuliza: iliwezekanaje katika nchi ambayo moto ule uliwashwa? Mimi naona mafundisho mawili. La kwanza, mtu aweza kutubu pombe na wizi, akaacha chuki ya kabila imekaa kimya ndani ya nyumba. Toba isiyofika katika chumba hicho haijafika mwisho. La pili, toba hairithiwi. Baba akitubu, mwana hawezi kuila toba ile kama alavyo akiba ya ghalani. Kila kizazi sharti kianze mlangoni.

Nasi je, watu wa Unyambwa? Injili ilifika pande hizi za Iramba na Turu kwa kazi ya Wajerumani wa Leipzig, kisha katika miaka ya 1920 Wamarekani wa Augustana wakaishika kazi hiyo. Baba zetu waliokuwa wakikaa katika tembe waliisikia, wakaacha mengi kwa gharama kubwa. Sisi watoto wao tumeikuta njia imelimwa. Hatari yetu ndiyo ile ya Uganda ya mwaka 1927.

Sipendi kuwanyoshea wengine kidole, basi nitasema yangu. Ninyi mnajua thamani ya shamba lililotiwa samadi miaka mingi. Ndilo mtama na uwele wa nyumba nzima. Ndugu yangu mkubwa aliondoka kwenda kutafuta kazi ya kibarua mbali. Alipokuwa hayupo nilipanda minyaa mipya katika mpaka wetu, nami niliipanda hatua mbili ndani ya shamba lake. Nilijiambia kwamba mpaka wa zamani haukuonekana vizuri. Aliporudi hakusema neno. Miaka tisa nikawafundisha watoto Amri ya Saba, na minyaa ikazidi kurefuka.

Siku moja mtoto wa darasa la kipaimara aliniuliza: “Mwalimu, mtu akiiba kitu kisichobebeka, atakirudishaje?” Sijui kama alikuwa na habari. Nilimjibu vibaya, nikamwambia akae chini. Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa ndugu yangu, nikamwambia neno lile bila kuzunguka. Alinyamaza muda mrefu, akasema: “Nilijua tangu siku niliyorudi. Nilikuwa nikikungoja wewe.” Tukaing'oa minyaa ile pamoja, na utomvu wake ukatuunguza mikono. Baadaye niligundua kwamba nusu ya mtaa walijua. Jumapili zote zile walinisikia nikihubiri, na huku wakiutazama ule ua.

Walimu wenzangu, tangu siku ile nimefahamu kwamba uongo wa shamba moja waweza kulifanya neno la mwalimu kuwa kelele tupu. Nimefahamu pia jinsi ya kutubu. Itaje dhambi kwa jina lake, usiiite udhaifu wala bahati mbaya. Iseme kwa Mungu, kisha kwa yule uliyemkosa, wala si kwa watu wasiohusika. Rudisha kilichoweza kurudishwa. Ukisamehewa, pokea msamaha kama mtoto apokeavyo chakula, wala usijaribu kuulipia, kwa kuwa umekwisha lipiwa Msalabani.

Basi, ndugu zangu, tusherehekee Jubilii yetu, na tuimbe, na tule pamoja. Lakini kabla baragumu halijalia, kila mmoja na aende kwanza kuutazama mpaka wake. Penye minyaa iliyopandwa mahali pasipo pake, na ing'olewe. Hapo ndipo tutakuwa na neno jipya la kuwaambia watoto wetu, nao watatuamini.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.