Mwenye Soko Naye Awajibike

Kariakoo mzigo mbovu una mwenyewe. Mteja akinunua chaja kwa winga, yaani kijana asiye na duka anayekamata wateja barabarani na kuwauzia bidhaa za wenye maduka, na chaja ile ikagoma usiku, kesho yake hahangaiki kumsaka winga. Anakwenda moja kwa moja kwenye fremu, yaani duka, iliyotoa mzigo. Atasema kwa sauti, majirani watasogea, na mwenye fremu atabadilisha hata kama faida kubwa aliichukua winga. Desturi hiyo niliikuta nilipoanza kuuza chaja, betri na kava za simu Mtaa wa Aggrey, na walionipokea nao waliikuta. Haijaandikwa popote. Inasimama kwa sababu mwenye fremu hana pa kujificha.

Masoko ya mtandaoni yalianza bila desturi hiyo. Nimeifuatilia historia yake kwa sababu mzigo wangu mwingi unapitia huko, na ninachokiona ni kimoja: kila kinga aliyo nayo mnunuzi leo ilipatikana pale mwenye soko alipobanwa, ama na washindani, ama na mahakama, ama na sheria.

Septemba 1995, Pierre Omidyar alifungua huko California tovuti ya mnada iliyokuja kuitwa eBay. Hakuwa na ghala wala hakugusa bidhaa yoyote. Muuzaji alikuwa mtu baki, mnunuzi mtu baki mwingine, na malipo yalitumwa kwa posta, hundi ndani ya bahasha. Mnunuzi alilipa kwanza, kisha akakaa kusubiri. Malalamiko yalipoanza yalimfikia Omidyar mwenyewe kwa barua pepe, naye alipendelea wahusika wamalizane wenyewe. Februari 1996 akaanzisha utaratibu wa watu kupeana alama hadharani: ya sifa, ya lawama, au ya katikati. Aliamini kwamba watu wengi ni waaminifu na kwamba jina baya litawafukuza wachache waliobaki.

Kwenye imani hiyo namuunga mkono, maana hata Kariakoo jina ndilo mtaji. Lakini alama zile zilikuwa na kasoro. Watafiti wawili wa Marekani, Paul Resnick na Richard Zeckhauser, walipochambua biashara za eBay za mwaka 1999 walikuta kwamba kati ya alama zilizotolewa na wanunuzi, asilimia 99.1 zilikuwa za sifa, na za lawama asilimia 0.6 tu. Aliyewahi kukaa dukani wiki moja anajua kwamba hakuna soko lenye wateja walioridhika kiasi hicho. Wengi walinyamaza, na sababu mojawapo ilikuwa woga, kwa kuwa muuzaji naye aliweza kumpiga mnunuzi alama mbaya kwa kulipiza kisasi. Ilichukua hadi mwaka 2008 ndipo eBay ikawazuia wauzaji kuwalaumu wanunuzi kwa alama. Kwa miaka 12 mlalamikaji alikuwa anaogopa kulalamika.

Mwaka 1999 eBay ilijaribu njia nyingine pamoja na Chuo Kikuu cha Massachusetts, ambako Profesa Ethan Katsh alikuwa akitafiti usuluhishi wa mtandaoni. Migogoro zaidi ya 200 ikapokelewa, na msuluhishi akaiendesha kwa barua pepe tupu, bila wahusika kuonana uso kwa uso. Jaribio hilo lilionyesha kwamba watu walioko mbali wanaweza kupatanishwa. Ila msuluhishi hakushika hata senti ya mtu. Muuzaji akikataa, maneno yanaishia hapo. Nguvu ya kuamua ilikuja pale soko liliposhika malipo yenyewe. Mwaka 2002 eBay iliinunua PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, kwa dola bilioni 1.5, na hapo ikawa na uwezo wa kurudisha pesa ya mtu, si kumpa pole.

Wachina walilielewa jambo hili kuliko wengine wote. Soko lao la mtandaoni, Taobao, lilifunguliwa Mei 2003, likiingia ulingoni na eBay ambayo tayari ilikuwa imenunua hisa katika soko kubwa la huko. Kikwazo kilikuwa kilekile: muuzaji hataki kutuma kabla ya kulipwa, mnunuzi hataki kulipa kabla ya kuona. Oktoba mwaka huo, mwanafunzi wa mji wa Xi'an alitaka kununua kamera iliyotumika kutoka kwa Mchina mwenzake aliyekuwa Japani. Bei ilikuwa yuan 750. Taobao ikachukua pesa, ikaishika, na haikumpa muuzaji mpaka kamera ilipofika na mnunuzi akaridhika. Mnunuzi aliingiwa na wasiwasi katikati ya safari akataka kujitoa, mfanyakazi wa kampuni akambembeleza asubiri. Kamera ikafika. Kwa muamala huo mdogo ilianza huduma ya malipo ya Alipay, na kufikia mwisho wa 2006 eBay ilikuwa imeifunga tovuti yake kuu ya China.

Nalirudia tukio hilo kila ninapozungumza na vijana wanaouza Instagram. Taobao ilishinda kwa kukubali kukaa katikati, na kukaa katikati kulikuwa na gharama: kushika pesa ya watu, kusikiliza pande mbili, kukosana na upande mmoja. Mwaka 2012 ilianzisha hata mabaraza ya watumiaji wa kawaida, wanaosoma ushahidi wa pande zote na kupiga kura nani ana haki. Kisha serikali nayo ikaingia. Sheria ya China ya kulinda walaji, ilivyorekebishwa na kuanza kutumika Machi 2014, inasema hivi: soko la mtandaoni likishindwa kumpa mnunuzi jina halisi, anwani na mawasiliano ya muuzaji, mnunuzi anaweza kulidai soko lenyewe fidia.

Marekani ilichelewa. Novemba 2000 Amazon iliruhusu wauzaji wengine kuweka bidhaa zao kwenye ukurasa uleule wa bidhaa zake. Mnunuzi aliona nembo moja, kikapu kimoja, malipo mamoja. Mwaka 1999 mauzo ya wauzaji wa nje yalikuwa asilimia 3 ya thamani ya bidhaa zote zilizouzwa humo. Mwaka 2018 yalifika asilimia 58. Kampuni iliahidi kurudisha bei ya mzigo mbovu, na hilo ni jema. Lakini bei haimtoshi aliyeumia.

Mwanamke mmoja wa Pennsylvania alinunua humo mkanda wa shingoni wa mbwa mwishoni mwa 2014. Mwezi uliofuata pete ya mkanda ikakatika, kamba ya kumwongozea mbwa ikamrudia usoni na kumpofusha jicho moja. Muuzaji hakupatikana tena, si na yeye, si na Amazon. Kampuni ikajitetea kwamba haikuwa muuzaji. Julai 2019 majaji wa rufaa wa Philadelphia wakasema inaweza kushitakiwa kama muuzaji. Hukumu hiyo ikawekwa kando ili isikilizwe upya, na pande mbili zikapatana kabla ya neno la mwisho. Agosti 2020 mahakama ya rufaa ya California ikatoa msimamo kama huo katika kesi ya betri ya kompyuta iliyomlipukia mnunuzi, betri iliyokuwa imehifadhiwa na kutumwa na Amazon. Julai 2024 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ikaamua kwamba kwa zaidi ya bidhaa 400,000 hatari zilizopitia maghala yake, Amazon ni msambazaji na inabeba wajibu wa msambazaji. Mimi ni muuzaji wa betri. Kesi ya California niliisoma kama inayonihusu, kwa sababu betri inayovimba haichagui nchi.

Kwetu hadithi ina njia yake. Kampuni ya soko la mtandaoni ya Jumia ilipoingia Kenya mwaka 2013 ilikuta watu wasioamini kulipa kabla ya kuona, ikawakubalia walipe mzigo ukifika mlangoni. Hapa Tanzania ilifunga shughuli zake Novemba 2019. Pengo likajazwa na Instagram na WhatsApp, na malipo yakapita kwenye simu. Pesa ya simu inafika kwa muuzaji papo hapo, na hapo katikati hakuna aliyeishika akingoja mzigo ukaguliwe. Mteja wa Songea anatuma pesa, mzigo unapakiwa basi la alfajiri, na akiufungua akakuta kimeo, namba aliyotumia pesa haipokei tena. Akaunti inabadilishwa jina, inaendelea kuuza.

Yamenipata nami upande wa pili. Niliagiza chaja kupitia soko moja kubwa la mtandaoni, zikapelekwa ghala la wakala wa mizigo huko Guangzhou, China, zikapanda kontena, zikaja Dar es Salaam. Siku za kudai zilianza kuhesabiwa mzigo ulipopokelewa ghalani, ambako hakuna anayefungua katoni. Nilipozifungua mimi, siku zilikuwa zimekwisha. Nje zilikuwa safi, na pembeni zimeandikwa wati 20. Mama mmoja alirudi na yake, plastiki imeyeyuka kwenye meno ya plagi, akaniambia, "Mwanangu, hii ingeunguza nyumba usiku." Fundi wa jirani akapasua nyingine mbele yetu: nyaya nyembamba kama uzi, na kipande cha chuma kilichowekwa ndani kuongeza uzito ili mkono udanganyike. Nilituma picha. Nikajibiwa nilete video ya katoni ikifunguliwa siku ya kupokelewa. Yule mama nilimrudishia pesa yake, nikaziondoa zote dukani, hasara nikaibeba mwenyewe.

Sioni uchungu kwa kumlipa yule mama, ni haki yake. Uchungu wangu ni kwamba katika mnyororo mzima, kuanzia kiwanda, muuzaji, soko lililochukua kamisheni, mpaka wakala, aliyewajibika ni mwenye fremu peke yake, kwa kuwa ndiye aliyeonekana.

Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe kwa mnunuzi. Ni mwanzo mzuri, lakini inamwelekea muuzaji, na muuzaji tapeli ndiye asiyepatikana. Tunahitaji kifungu kama cha Wachina: anayeendesha soko na kuchukua kamisheni ajue muuzaji ni nani na yuko wapi, na akishindwa kumtaja, alipe yeye. Tunahitaji pia siku za kudai zianze pale mnunuzi anapouona mzigo kwa macho yake. Na kampuni za simu, ambazo tayari zinashika pesa za mamilioni ya watu, zinaweza kuishika pesa ya mnunuzi siku tatu zaidi mpaka mzigo ukaguliwe, kwa ada ndogo ambayo mimi ningeilipa bila kunung'unika. Yuan 750 zilitosha kuanzisha utaratibu huo mwaka 2003. Sisi tuna kila kinachohitajika, na kila mwezi tunaochelewa kuna mtu Songea anayepiga namba isiyopokelewa.