Kikohozi cha Maksai: Habari za Mnyoo wa Mapafu na Chanjo Yake

Katika kijitabu hiki cha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wengine wameandika habari za mizani na ghala. Sisi wa Kamati ya Mifugo hatuna budi kuandika habari za hasara. Mwaka wa tatu tulinunua maksai wa nyama kutoka nyanda kavu, wazima na wanene, tukawaachia katika bonde letu lenye umande wakati wa masika. Baada ya majuma machache walianza kunyosha shingo, kutoa ulimi na kukohoa. Saba walikufa. Tulisema wameletwa na homa ya mapafu, tukamzuilia muuzaji pesa zake. Daktari wa mifugo alipompasua mmoja, alituonyesha mirija ya pumzi imejaa povu na minyoo weupe, wembamba kama uzi.

Mnyoo huyu akikomaa hufikia yapata sentimita 8. Mayai yake huanguliwa mumo humo ndani ya mwili. Wachanga hukoholewa, humezwa, na kutoka pamoja na mavi. Penye joto na unyevu, baada ya siku chache huwa tayari kuambukiza. Akiliwa pamoja na majani hutoboa utumbo, hufuata njia ya damu hata mapafuni, na yapata majuma manne baadaye hutaga. Ng'ombe hukataa majani yaliyo karibu na mavi, lakini hilo nalo halimtoshi: juu ya samadi huota kuvu ndogo irushayo mbegu zake mbali, na mwaka 1962 ilielezwa katika jarida la Nature kwamba mnyoo mchanga hupanda juu ya kuvu hiyo akarushwa pamoja na mbegu. Tulipoambiwa hayo kwa mara ya kwanza tulidhani tunataniwa.

Huko Uingereza maradhi haya yaliua ndama wengi. Katika miaka ya 1950 mabwana wa Chuo Kikuu cha Glasgow, miongoni mwao Jarrett, McIntyre na Urquhart, walilishika jambo ambalo wachungaji huliona: ndama aliyeugua akapona hashindwi tena upesi. Waliwapiga minyoo wachanga mionzi ya eksirei, kwa kiasi cha kuwadhoofisha bila kuwaua. Mnyoo wa namna hiyo huingia mwilini na kuufundisha mwili kupigana, lakini hapati nguvu za kukomaa. Ndama hunyweshwa 1,000 mara mbili, majuma manne yakipita katikati. Chanjo hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1959, nayo ndiyo ya kwanza duniani kuuzwa dhidi ya mnyoo. McIntyre mwenyewe alikuja baadaye, katika miaka ya 1960, kuongoza kitivo cha udaktari wa mifugo mjini Nairobi.

Kisha zilikuja dawa kali, hasa ivamektini katika miaka ya 1980, na wafugaji wengi wa Uingereza wakaiacha chanjo. Lakini ng'ombe akingwaye na dawa msimu mzima huenda asikutane na mnyoo hata kidogo, na asiyekutana naye hajifunzi. Katika miaka ya 1990 ugonjwa uliongezeka huko, tena ukawashika hata ng'ombe wazima.

Ndivyo walivyokuwa maksai wetu. Kwao hakuna umande. Walikuwa wakubwa kwa mwili, wachanga kwa mnyoo. Ndama wetu wa bondeni, waliokwisha kukohoa kidogo utotoni, walilisha kando yao wakanenepa.

Sasa maksai wageni hukaa malisho ya juu, na mavi yao hupimwa: hufungwa katika kitambaa, huning'inizwa ndani ya faneli yenye maji vuguvugu usiku kucha, na wachanga waliozama hutazamwa kwa hadubini. Muuzaji yule tumemlipa nusu ya pesa tulizomzuilia. Nusu ya pili, pamoja na barua ya kumwomba radhi, imo katika ajenda ya Mkutano Mkuu wa mwaka huu.