Samaki wa Mti

Ndugu msomaji, historia tuliyofundishwa darasani imejaa mizinga, mikataba na majina ya magavana. Leo naomba tuiweke kando kidogo, twende tukakae juu ya mawe ya Ocean Road, Dar es Salaam, saa ile ya jioni maji yanapojaa. Utawakuta watu wamesimama na mishipi yao. Hawana mashua hawa, hawana hata fungu katika ngalawa ya mtu. Samaki akija, kaja. Asipokuja, wanarudi nyumbani na nauli tu mfukoni, na mara nyingine hata hiyo nauli haipo.

Hapo ndipo nilipomkuta mzee mmoja ambaye sisi vijana tulimwita Babu, basi. Alikuwa anachonga kipande cha mpini wa ufagio.

"Chambo ghali, mjukuu wangu," aliniambia. "Ukitia kamba, samaki wadogo wanamdonoa, unabaki na ndoana tupu. Huyu wangu hadonoleki."

Alimviringishia karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, akamchomekea kipande cha bati chini ya kidevu, akamfunga ndoana tumboni. Mimi nilicheka. Nilimwuliza kama kweli kuna samaki wa kuzugwa na ufagio. Babu hakunijibu. Alirusha.

Miaka ilipita kabla sijagundua kwamba kicheko changu kilikuwa cha ujinga. Samaki huyo wa mti ana historia, na sehemu kubwa ya historia yake imetengenezwa na watu waliokuwa wakihesabu senti kama Babu.

Tuanzie Marekani. Katika mji wa Dowagiac, jimbo la Michigan, aliishi mfuga nyuki aliyeitwa James Heddon. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa kando ya bwawa la kinu, akichonga kijiti kwa kupoteza wakati tu. Alipokitupa majini, samaki mkubwa akakirukia. Kama kisa kilikuwa hivyo hasa, tuwaachie wasimulizi. Linalojulikana ni kwamba mwishoni mwa karne ya 19 Heddon alikuwa akichonga vyura wa mti kwa ajili ya uvuvi, na kwamba kazi hiyo ya mkono ilizaa kiwanda. Angalia pale anaposimama katika hadithi: si katikati ya ziwa, ni ukingoni, miguu mikavu.

Sasa twende Ufini. Lauri Rapala alizaliwa mwaka 1905, akakulia katika ufukara. Alikata magogo, alifanya vibarua mashambani, alivua katika ziwa Päijänne. Alivua kwa mtumbwi wa makasia na ndoana nyingi, na kila ndoana ilidai chambo kipya kila siku. Kazi ya chambo peke yake ilikuwa inamla mtu. Lakini alipokuwa akipiga makasia, Rapala alikuwa akitazama. Aliona kundi la samaki wadogo likipita, na samaki mkubwa akilijia kwa kasi. Hakushambulia yeyote tu. Alimchagua yule anayeyumba, mgonjwa au aliyejeruhiwa, anayeogelea tofauti na wenzake.

Mwaka 1936 Rapala alichukua gome jepesi, lile la kutengenezea vizibo vya chupa, akalichonga kwa kisu cha fundi viatu. Akalifunika kwa karatasi ya chokoleti inayong'aa. Rangi ya kuzuia maji hakuwa nayo, basi akayeyusha negativu za picha, akampaka. Soma tena orodha hiyo, ndugu yangu: kizibo, karatasi ya chokoleti, picha zilizotupwa. Mimi niliposoma nilimkumbuka Babu na pakiti yake ya sigara, nikaona haya.

Siri haikuwa katika urembo. Ilikuwa katika mwendo. Ule ulimi mdogo chini ya kidevu ndio injini. Ukivuta mshipi, maji yanausukuma, kichwa kinainama, na kiwiliwili kinayumba kushoto na kulia kama samaki aliyeumia. Ulimi uliolala, unaofuata mstari wa mwili, humzamisha sana. Uliosimama wima humweka karibu na uso wa maji. Ukipinda kidogo upande mmoja, samaki wako anageuka tumbo juu na kila mtu anajua kwamba ni ufagio. Na kwa kuwa mti huelea, ukiacha kuvuta anapanda juu polepole. Kwa mtu wa ufukweni hilo ni jambo kubwa. Mbele yake kuna mawe, na chuma kingezama na kunasa pale pale.

Lakini wepesi huo huo ulikuwa na adha yake. Samaki wa Rapala mwenye urefu wa sentimita 11 ana gramu 6 hivi. Mrushe kwenye upepo uone! Rili za zamani, yaani vile vigurudumu vya kuhifadhia mshipi, zilizunguka wakati wa kurusha, na kitu chepesi hakikuwa na nguvu ya kuzizungusha. Dawa ilitoka mahali ambapo usingetarajia: kwenye viwanda vya nguo. Mwingereza Alfred Illingworth, mtu wa biashara ya sufu, alitazama jinsi uzi unavyochomoka kwenye ncha ya bobini bila bobini yenyewe kuzunguka. Mwaka 1905 akapata hataza ya rili ya namna hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili rili hizo zilienea pamoja na mishipi ya nailoni, na mtu asiye na mashua akaweza kumtupa samaki mwepesi mbali na miguu yake.

Samaki wa Rapala naye alikuwa anasafiri. Wageni waliofika Helsinki kwa Michezo ya Olimpiki ya 1952 walimwona, na mwishoni mwa miaka hiyo wafanyabiashara wawili wa Minneapolis, Ron Weber na Ray Ostrom, walianza kumwuza Marekani. Kisha, Agosti 1962, gazeti la Life likaandika habari zake. Toleo lenyewe lilikuwa na Marilyn Monroe kwenye jalada, siku chache tu baada ya kifo chake, na watu waliligombania. Wakamkuta Monroe, wakamkuta na samaki wa Ufini ndani. Maagizo yakamiminika hadi familia ya Rapala ikashindwa kuchonga kwa kasi iliyotakiwa.

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Samaki yule alikuwa amekwisha kuvua kwa zaidi ya miaka 25 kabla ya Agosti ile. Hakubadilika kitu. Kilichoongezeka ni mtu aliyekaa chini akaandika.

Babu je? Jioni ile ufagio ulipata kolekole, mkubwa kuliko mkono wangu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Nilipomwuliza alifunzwa na nani, alitaja mjomba wake, na kijiji, na mti fulani ambao walikuwa wakiuchonga zamani kabla ya mipini ya mifagio. Niliitikia "ndiyo, Babu" huku macho yangu yapo kwa kolekole. Leo jina la mti silikumbuki. Jina la kijiji silikumbuki. Nilipokwenda tena kumtafuta, watu wa pale mawe walisema hawajamwona muda mrefu, na hakuna aliyejua kwake ni wapi.

Ya Lauri Rapala ninayajua mpaka kisu alichotumia. Ya Babu, niliyekaa naye jiwe moja, sina hata jina lake kamili.

Basi wewe unayeniambia kila siku pale kijiweni kwamba unataka kuwa mwandishi ila huna cha kuandika, chukua daftari lako, panda basi, nenda ukingoni mwa maji. Wapo bado wanaochonga. Anza kwa kuwauliza majina.