Ngoma za kipupwe: kutoka Old Town hadi Dzaleka

Kila tarehe 20 Juni, watu wa Stockholm wakiwa wamekaa nje hadi usiku wa manane kwa sababu jua limechelewa mno kuzama, watu wa Dowa katikati ya Malawi huwa wamekwishafunga madirisha. Kufikia saa kumi na moja na nusu jioni jua limeshuka nyuma ya mashamba, na baridi inapanda kutoka ardhini. Ni mojawapo ya siku fupi kabisa za mwaka kusini mwa Ikweta. Siku hiyohiyo, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mwendo wa kilomita arobaini na kitu kaskazini mwa Lilongwe, ngoma za Burundi hupigwa, vijana hucheza dansi za Kikongo, na uwanja wa mpira hujaa. Ni Siku ya Wakimbizi Duniani.

Walioichagua tarehe hiyo hawakuwa wakifikiria majira. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitia saini mkataba wake wa wakimbizi mjini Addis Ababa mwaka 1969, nao ukaanza kutumika 20 Juni 1974. Bara likaifanya hiyo kuwa siku ya wakimbizi wa Afrika. Mwishoni mwa mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ukaiazima tarehe yetu, na tangu 2001 dunia nzima inaiadhimisha. Basi kwa bahati tu ya makaratasi ya wanadiplomasia, wakimbizi wa kusini wamepata sherehe inayoangukia kilele cha baridi. Siku nne baadaye, tarehe 24, katika baridi hiyohiyo ya kusini, watu wa Cusco nchini Peru hufanya Inti Raymi, sikukuu ya jua ya Wainka. Wahispania waliipiga marufuku katika karne ya 16, ikafufuliwa mwaka 1944, na leo watalii hulipa pesa nzuri kukaa jukwaani waitazame.

Majarida ya safari yanapoorodhesha sherehe za majira ya baridi huwa na theluji vichwani: Québec na kanivali yake iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na kurudi kwa kudumu mwaka 1955, Harbin na majumba yake ya barafu, Sapporo na sanamu zake. Sina ugomvi nazo, ila viza na nauli yake tayari ni mtihani kwa msomaji wa Mwanza au Bujumbura. Katika hizo zote ninaipenda zaidi habari ya Sapporo. Mwaka 1950, Japani ikiwa bado inajikusanya baada ya vita, wanafunzi wa shule walitengeneza sanamu sita za theluji katika bustani ya Odori, na watu wakamiminika kuzitazama. Kilikuwa kitu kidogo tu. Sherehe nyingi kubwa zilianza hivyo, na mtakaponifuata hadi Dzaleka mtaona kwa nini nimeitaja.

Huku kwetu baridi ina kazi nyingine. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua zimekwisha, barabara za vumbi zinapitika, na mahindi yako ghalani. Njaa ya Januari hadi Machi, ambayo kila mkulima wa Malawi anaijua, imekwishasahaulika. Mtu mwenye chakula na barabara kavu atatafuta ngoma. Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa huangukia Julai, kusi likivuma, wanaume wakichapana kwa migomba na kibanda kikichomwa moto. Wachewa nao, baada ya mavuno, huingia katika msimu wa Gule Wamkulu, vinyago na manyoya na miguu inayotimua vumbi. Jumamosi ya mwisho ya Agosti machifu wa Kichewa kutoka Malawi, Zambia na Msumbiji hukutana Mkaika, wilaya ya Katete nchini Zambia, kumwinamia mfalme wao, Gawa Undi, katika sherehe ya Kulamba. Sherehe hiyo iliwahi kukatazwa wakati wa ukoloni, ikarudishwa mwaka 1984. Mipaka mitatu iliyochorwa na Wazungu husahauliwa kwa siku moja.

Ukitazama kalenda ya watu wanaoishi Dzaleka na majirani zao, baridi hii imejaa kuliko unavyodhani. Tarehe 14 Juni ni kumbukumbu ya kura ya maoni ya Malawi ya 1993, iliyoumaliza utawala wa chama kimoja. Tarehe 30 Juni ni uhuru wa Kongo, 1960. Tarehe 1 Julai ni uhuru wa Rwanda na Burundi, nchi zote mbili mwaka 1962, na tarehe hiyohiyo Somalia ilizaliwa kwa kuungana sehemu zake mbili mwaka 1960. Tarehe 6 Julai ni uhuru wa Malawi, 1964. Wakoloni walishusha bendera zao katikati ya kipupwe, nao wakimbizi na wenyeji wao wanakutana na kumbukumbu zao zote ndani ya wiki tatu hivi.

Safari ya kwenda Dzaleka huanzia Old Town ya Lilongwe. Lilongwe ilianza kama kituo kidogo cha serikali ya kikoloni kando ya mto wa jina hilo, mwanzoni mwa karne ya 20, na ilibaki mji wa soko hadi Rais Kamuzu Banda alipouhamishia makao makuu kutoka Zomba mwaka 1975. Ofisi mpya zilijengwa kaskazini, kwenye nafasi na miti. Biashara ikabaki kusini, mtoni, na upande huo ndio ukaitwa mji wa kale. Kale yake si ya majengo ya mawe kama Lamu. Ni maduka ya Wahindi yenye baraza, msikiti, stendi ya mabasi, na soko ambalo mwezi Juni hufurika makoti. Mitumba wenyeji wanaiita kaunjika. Koti la mtu wa Manchester humalizia maisha yake mgongoni mwa kondakta wa minibasi anayeita abiria wa Dowa, Mponela na Kasungu.

Minibasi hufuata barabara kuu ya M1 kwenda kaskazini, kisha unashuka njia panda ya Dowa. Kambi ina historia ambayo vijana wengi wanaopiga picha jukwaani hawajasimuliwa. Baada ya Banda kugombana na mawaziri wake mwaka 1964, serikali ilianza kuwafungia wapinzani wake Dzaleka bila kuwafikisha mahakamani. Kwa miaka mingi jina hilo lilitajwa kwa sauti ya chini. Utawala ule ulipong'olewa kwa kura mwaka 1994, kulikuwa na watu wengine waliohitaji pa kulala: Watutsi na Wahutu wa Rwanda na Burundi, na baadaye Wakongo wa Kivu na Katanga. Mwaka huohuo gereza la wanasiasa likageuzwa kambi. Ilipangwa kwa watu wasiozidi elfu kumi na kidogo. Leo imepita elfu hamsini, na baadhi ya mitaa yake imepewa majina ya miji na vitongoji vya Malawi yenyewe: Likuni, Kawale, Blantyre, Zomba, Karonga. Mtu asiyeruhusiwa kwenda kuishi Blantyre anaishi Blantyre.

Hilo si mzaha mtupu. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi kwenye vipengele kadhaa, vikiwemo vya kutembea na kufanya kazi, na sera yake imebaki ikiwaelekeza wakimbizi kambini. Kwa miaka mingi haikusimamiwa sana. Wakongo na Warundi walifungua maduka mitaani Lilongwe na vijijini, wakauza sabuni na sukari, wakaoa na kuolewa. Machi 2023 serikali ikatangaza kwamba wote warudi Dzaleka kufikia 15 Aprili, na Mei polisi wakaanza kuwakusanya. Kipupwe cha mwaka ule kiliwakuta watu wengi wamebanana kuliko kawaida, wengine wakiwa wamefungiwa maduka.

Kwenye udongo huu ndipo ilipoota Tamasha la Tumaini. Menes La Plume, mshairi na mwanamuziki kutoka Lubumbashi, alifika Malawi mwaka 2008 akiwa mkimbizi. Mwaka 2014 yeye na wenzake wa kambini waliitisha tamasha lao la kwanza. Wazo lenyewe lilikuwa la kinyume. Watu walizoea kuja Dzaleka na magari ya misaada, wakihesabu na kupiga picha za huzuni. Yeye aliwaita waje kusikiliza muziki, wakae, walale. Shirika lililozaliwa na kazi hiyo linaitwa Tumaini Letu. Kila mwaka, kwa kawaida mwanzoni mwa Novemba, kwa siku tatu, wasanii wa kambini hupanda jukwaa moja na wasanii wa Malawi na wageni kutoka nchi nyingine, na hakuna kiingilio.

Mara nyingi husemwa kwamba hakuna tamasha jingine duniani linalofanyika ndani ya kambi ya wakimbizi. Hilo linahitaji kupunguzwa kidogo: Wasahrawi walio kambini Algeria, karibu na Tindouf, wamekuwa na tamasha lao la filamu, FiSahara, tangu 2003. Lakini tamasha la muziki la ukubwa wa Tumaini, linaloendeshwa na wakimbizi wenyewe, ndani ya makazi yao, sijui la pili. Malawi ilikuwa tayari na tamasha maarufu, Lake of Stars, lililoanzishwa ziwani mwaka 2004, lenye tiketi na hoteli na watalii wa Ulaya. Dzaleka haina ziwa wala hoteli. Ina nyumba za matofali ya udongo, na hizo ndizo zikawa hoteli: mgeni hulala kwa familia ya kambini, anakula sombe (kisamvu) na ugali na maharage, anaoga kwa maji ya ndoo, na fedha ya malazi inabaki mezani kwa mama mwenye nyumba. Kwa maoni yangu huu ndio uvumbuzi mkubwa wa tamasha lenyewe, kuliko jukwaa. Mtu aliyelala kwako usiku mbili na kumwona mtoto wako akiandika kazi ya shule kwa taa ya sola hakusahau kwa urahisi.

Mwaka ule wa 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Gule Wamkulu ilitangulia, ikitangazwa mwaka 2005. Rumba ya Kongo ilifuata mwaka 2021. Sherehe ikichangamka Dzaleka, Mrundi, Mchewa na Mkongo hupokezana zamu mchana mmoja mbele ya umati uleule. Kuna jambo jingine kuhusu ngoma za Burundi. Oktoba 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri kwamba wanawake wasipige ngoma hizo, na kwamba vikundi vijisajili na kuomba ruhusa kabla ya kuzipiga. Amri haikuvuka mpaka. Mkimbizi wa Kirundi anayezuiwa kwenda kufungua duka Lilongwe hahitaji kibali cha wizara ya Burundi kupiga ngoma ya babu yake.

Na mengi ya haya hutangazwa, huimbwa na kubishaniwa kwa Kiswahili. Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengine walikutana kambini, na lugha iliyowaunganisha ni hii. Malawi haikuwa ngeni nayo. Karne ya 19 Salim bin Abdallah, aliyekuwa Jumbe wa kwanza wa Nkhotakota, alijenga kituo chake kando ya ziwa, na Waswahili wengine wakafika hadi Karonga. Lakini wale walikuja kwa pembe na watumwa, na walipovunjwa nguvu na Waingereza miaka ya 1890 lugha yao ikapungua kando ya ziwa. Safari hii imerudi na watu wasio na bunduki, na watoto wa Kichewa wa vijiji vya jirani wanaitumia wanapouza mandazi getini. Hilo tungelipenda lisomeke katika vitabu vya historia ya Malawi, lakini sura yake bado haijaandikwa.

Sasa, nani aende lini? Anayetaka jukwaa, taa na umati, aende Novemba. Joto litamchoma, maana ni mwisho wa kiangazi na mawingu ya mvua ya kupandia yanajikusanya. Tamasha hukaa katika upenyo mdogo kati ya fedha za mavuno na tope. Anayetaka watu, aende Juni. Sherehe ya tarehe 20 ina hotuba nyingi, na hotuba za maafisa zina urefu wake, zivumilie. Zikiisha, ngoma na kandanda vinabaki kwa wenyewe, wageni ni wachache, na utaulizwa nyumbani ni wapi kabla ya kuulizwa umeleta nini.

Siku za kawaida mgeni huhitaji kibali cha serikali kuingia kambini, hivyo ombi litangulie safari. Malazi ya tamasha hupangwa kupitia waandaaji, na hujaa mapema. Koti nunua Old Town kabla ya kupanda minibasi, maana jioni ya Juni pale Dowa shati moja halitoshi, hata kwa mtu aliyetoka Iringa.