Shahidi wa Amana

Hapana jamii iliyopata kusimama pasipo kuaminiana, maana hakuna mtu awezaye kushuhudia kila jambo kwa macho yake. Katika tarikhi haja hiyo haikubadilika. Aliyebadilika ni shahidi. Mwenendo wa fedha nchini Kenya waonyesha jambo hili.

Kabla ya mwaka 2007, mfanyakazi wa Nairobi aliyetaka kumpelekea mzazi wake fedha shambani alikwenda posta, au alimkabidhi dereva wa basi au jamaa aendaye kwao. Mjumbe alijulikana kwa uso na kwa ukoo. Akizila fedha, aibu iliwafikia watu wake. Shahidi alikuwa mtu.

Mwaka 2005 huduma ya fedha kwa simu ilijaribiwa Nairobi na Thika ili wakopaji wadogo walipe madeni yao. Baadhi yao wakaitumia kupelekeana fedha wao kwa wao, na Machi 2007 Safaricom ikaizindua kwa nia hiyo, kwa jina la M-Pesa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; sasa daftari likahamia mitamboni, na ujumbe wenye jina, kiasi na saa ukawa shahidi. Walaghai walipouiga ujumbe huo, watu walijifunza kutazama salio kwanza, au kumpigia simu mhusika na kuisikiliza sauti yake.

Sauti hiyo nayo akili mnemba yaweza kuiiga leo, wala uso haukusalimika. Mwaka 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza habari za karani wa fedha aliyeitilia shaka barua pepe iliyomtaka alipe fedha kwa siri. Kisha akaitwa katika mkutano wa video, akawaona wakubwa na wenzake, shaka ikamtoka, akalipa dola za Marekani zipatazo milioni 25. Nyuso zile, ila yake, zilikuwa za kubuniwa.

Karani yule hakukosa tahadhari. Alitaka kuona kwa macho, kama vizazi vyote vilivyofundishwa, na macho ndiyo yaliyomponza.

Kwa hiyo hasara ya zama hizi si ya fedha tu. Mzazi wa shambani, akipigiwa simu usiku na sauti ya mwanawe ikiomba fedha za hospitali, hana mtambo wa kupambanua kweli na uongo. Akipuuza, huenda mwana akaangamia. Akituma, huenda ameibiwa. Alichobakiwa nacho ni swali ambalo mwanawe peke yake ndiye ajuaye jibu lake.